Mlio wa Nyuma ya Gari na Haki ya Atakayelinunua



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na matumizi ya nyumbani. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuingia gereji, na hatujapotea njia. Katika nyumba nyingi gari ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba yenyewe. Ndani yake huketi mama na watoto, na gharama zake hutoka katika mfuko uleule unaolipa ada na kununua unga. Basi likiugua, maradhi yake ni ya familia nzima.

Wenzetu wa Buzwagi, pale jirani na mji wa Kahama, wanalifahamu vyema jambo hili. Mgodi ule ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, na uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Baadhi ya waliofanya kazi huko walinunua magari kwa malipo waliyoondoka nayo. Wako waliopenda magari ya kasi ya Kijapani, kama vile Toyota Mark X na Crown, yenye injini za silinda sita na ambayo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ni magari mazuri, lakini yaliundwa kwa ajili ya lami laini. Kwetu hukutana na matuta, changarawe na vumbi, na nguvu yote ya injini hupitia katika difu na shafti mbili za ekseli ya nyuma. Ndiyo maana malalamiko mengi ya wenye magari ya namna hii huanzia huko nyuma.

Ndugu mmoja mwenye gari la aina hiyo, baba wa watoto watano, alitujia baada ya swala ya Ijumaa akiwa na dhiki. Gari lake lilikuwa likitoa mlio mmoja mkavu nyuma, “tak”, kama kuni inayovunjwa gotini. Fundi wa kwanza alibadilisha shokapu zote mbili za nyuma, mlio ukabaki. Fundi wa pili alifungua upande wa kushoto, akachomoa shafti, akabadilisha bushi, akarudisha kila kitu mahali pake. Mlio ukanyamaza wiki tatu, kisha ukarudi. Fundi wa tatu hakufungua kitu. Alisikiliza mara moja, akasema difu imekufa na nyingine iagizwe kutoka Dar es Salaam, kwa bei iliyolingana na ada za watoto wawili.

Hapo akatokea rafiki na ushauri wake: “Tia oili nzito kwenye difu upunguze kelele, upeleke gari Mwanza ambako hakuna anayekujua, uuze.” Ndugu yetu alikiri kwamba ushauri ule ulikuwa umeanza kumwingia, na ndilo lililomleta kwetu.

Tulikwenda nyumbani kwake. Aliyetufungulia njia hakuwa fundi, alikuwa mkewe. Alisema kwa upole, “Baba watoto, mlio huo mimi sijausikia hata siku moja kwenye matuta. Nausikia unapotoka uani kinyumenyume, kisha ukaingiza gia ya kwenda mbele. Unalia mara moja tu, halafu kimya mpaka usimame tena.” Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Tunamwomba kila msomaji alizingatie neno lile, kwa kuwa ndilo msingi wa uchunguzi wote. Mlio ni dalili, na dalili moja huweza kutoka katika maradhi mengi. Swali la kwanza si kipuri gani kinunuliwe. Swali la kwanza ni: unalia wakati gani?

Mlio ukitokea juu ya matuta na mashimo, bila kujali kama unakanyaga mafuta au la, tazama stabilaiza linki, vishikizo vya juu vya shokapu, springi iliyokatika, na bushi za mikono inayoshika magurudumu. Ukitokea unapokanyaga breki, tazama kama breki pedi zinacheza mahali pake, au kama kuna kilicholegea katika breki ya mkono. Ukiwa ni wa kufuatana, “tak, tak, tak”, ukaongezeka kadiri gari linavyokwenda kasi, basi shaka iende kwenye kitu kinachozunguka: jointi za shafti, beringi, au nati za gurudumu zilizolegea. Gari lenye difu ya kuzuia gurudumu moja kuteleza huweza kugonga katika kona kali iwapo limetiwa oili isiyo yake. Lakini mlio mmoja tu, wakati nguvu inapogeuka kutoka nyuma kwenda mbele, husema kwamba mahali fulani katika njia ya nguvu pana uwazi au pana mteleko.

Kwa kauli ya mama yule, shokapu zilikuwa zimekwisha kutolewa katika kesi. Tulimpata fundi mtu mzima, naye akaanza na mambo yasiyogharimu chochote. Aliamuru buti liondolewe kila kitu, kwani jeki na spana zilizolegea zimewahi kuwadanganya mafundi wengi. Akakagua nati za magurudumu yote. Kisha akamweka dereva ndani, yeye akasimama upande wa kushoto na kijana wake upande wa kulia, mbali kidogo na magurudumu, gari likiendeshwa polepole hatua chache mbele na hatua chache nyuma kwenye uwanja mtupu. Mlio ulitoka kushoto, katika gurudumu lenyewe, wala haukutoka katikati iliko difu.

Hapo ndipo gari lilipoinuliwa, na hapa tunasisitiza kwa kila kijana anayependa kujitengenezea gari. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kuaminiwa. Gari liwekwe juu ya stendi imara, kwenye ardhi ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakingwe, watoto wawe mbali, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Hakuna kipuri kinacholingana na uhai wa mtu.

Fundi alizijaribu raba zinazoshikilia difu kwa mtaimbo mfupi, akakuta hazijachanika. Akazungusha shafti ndefu inayotoka kwenye gia, jointi zake zikawa hazina uwazi. Ndipo akafungua nati kubwa ya katikati ya gurudumu la kushoto na kuichomoa shafti. Katika bega la shafti, pale linapobanana na uso wa beringi, palikuwa na unga mwekundu wa kutu na pete iliyosuguliwa hadi ikang’aa. Vyuma viwili vikavu, vilivyopaswa kubanwa pamoja kama kitu kimoja, vilikuwa vikishikana, kisha vikiteleza ghafla kila nguvu ilipogeuka. Mteleko huo mdogo ndio uliokuwa ukipiga “tak”. Fundi wa pili alikuwa amepagusa mahali penyewe bila kujua, na kwa sababu hiyo mlio ulinyamaza wiki tatu.

Dawa yake haikuwa difu. Fundi alisafisha meno ya shafti na nyuso zote mbili za vyuma, akapaka grisi nyembamba ya kazi hiyo, akaweka nati mpya, akaikaza kwa spana yenye kupima nguvu, kwa kiasi kilichotajwa katika kitabu cha gari hilo. Hakutumia nyundo, wala bomba la kurefusha spana. Nati ikilegea, mlio hurudi. Ikikazwa kupita kiasi, beringi au meno ya nati huharibika. Gharama yote ilikuwa nati, grisi kidogo na ujira wa fundi. Ada za watoto zikabaki salama.

Lipo na jambo la pili tulilojifunza pale. Bushi za raba zilizofungwa na fundi wa pili zilikuwa zimekazwa gari likiwa hewani, magurudumu yananing’inia. Gari liliposhushwa, raba zilijipinda, na katika hali hiyo zingechanika mapema. Nati za bushi za namna ile hukazwa kwa mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kama linavyosimama barabarani. Fundi alizilegeza na kuzikaza upya. Msomaji anayebadilisha bushi na amwulize fundi wake juu ya jambo hili kabla ya kulipa.

Zipo dalili ambazo hazina subira. Gurudumu linalotikisika, mlio wa kufuatana unaozidi siku hadi siku, mngurumo wa beringi, au nati za gurudumu zinazolegea tena baada ya kukazwa: hayo si ya kuvumiliwa mpaka mwisho wa mwezi. Kutoka Kahama hadi Shinyanga ni zaidi ya kilomita 100, na njiani mna malori mazito ya mizigo ya nchi jirani. Tunasoma dua ya safari, na ni vizuri. Lakini pia tumepewa macho na masikio ili tuyatumie kabla ya kuondoka.

Sasa turudi kwenye shauri la kuuza Mwanza. Wengi tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la chakula na kukuta unyevu. Mwenye mali alieleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akakemea vikali udanganyifu katika biashara. Oili nzito inayotiwa ili kuficha mlio ni ile nafaka kavu iliyowekwa juu ya nafaka mbichi. Wanazuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu alichofichwa aibu yake. Lakini je, aliyekinunua akapata ajali, atamrudishia nani? Mnunuzi wa Mwanza naye ana mke na watoto watakaoketi kiti cha nyuma, juu ya ekseli ileile.

Hatusemi kwamba gari bovu haliuzwi. Linauzwa, kwa bei yake, aibu yake ikitajwa waziwazi. Vivyo hivyo fundi asiyejua na aseme hajui. Neno hilo halimpunguzii heshima, na humwokolea mteja fedha zake. Na mwenye nyumba, kabla ya kumwamini kila anayeshika spana, amsikilize kwanza yule anayeketi pembeni yake kila siku.

Tulipoagana na ndugu yetu, aliturudisha mpaka barabarani kwa gari lile. Alitoka uani kinyumenyume, akasimama, akaingiza gia ya mbele. Sote tulinyamaza kusikiliza. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, alitikisa kichwa: hakuna kitu.

Wabillahi tawfiq.