Waraka kwa Wanachama: Ukikamatwa, Uandikwe

KWA: Wanachama wote wa steji za bodaboda za Kisauni, Nyali na Bamburi
KUTOKA KWA: Katibu, kwa niaba ya kamati
KUHUSU: Sisi na polisi

Ndugu zangu, dada zetu mnaoendesha, na wazee wetu wa steji,

Simu zinazonijia usiku siku hizi ni za aina moja: mwenzetu amekamatwa, pikipiki imepandishwa lori, na afisa anasema "tumalizane hapa hapa". Desturi yetu imekuwa kuchanga. Elfu moja, elfu mbili, pengine hesabu ya tajiri ya siku nzima, kisha mwenzetu anarudi steji kana kwamba hapakutokea kitu. Nawaomba kwa moyo wangu wote tuiache desturi hiyo. Anayekamatwa akubali kupelekwa kituoni, na kituoni aandikwe.

Najua ni ombi zito kwa mtu mwenye watoto nyumbani. Ndiyo maana nalieleza kwa urefu.

Hatuandiki haya kwa sababu hatuwataki polisi. Nani kati yetu wa Kisauni hawajui vijana wa mapanga? Abiria anapanda vizuri, anakuelekeza ndani kwenye vichochoro, na huko wenzake wamekungoja. Saa hiyo humtaki mwingine ila polisi, tena unamtaka na bunduki yake. Nguvu ya kusimamisha, kupekua, kukamata na kufungia ni nguvu ambayo jamii imewapa polisi kwa sheria, na bila hiyo usiku ungekuwa wa mwenye panga. Lakini sheria hiyo hiyo iliyowapa ndiyo iliyoiwekea mipaka, na mipaka haifanyi kazi ila pale palipo na kumbukumbu. Ukitoa elfu mbili kando ya barabara, hakuna popote panapoonyesha kwamba ulisimamishwa, na nani, kwa kosa gani, saa ngapi. Kesho afisa yule yule atakuwa kwenye kona ile ile. Na siku atakayokupiga, pia hakutakuwa na kumbukumbu.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kila mmoja wetu anapaswa kukijua kama anavyojua namba ya pikipiki yake. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unauhitaji, kwa hiyo kupiga simu steji si fadhila ya afisa. Sharti ufikishwe kortini mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Zikiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya korti, ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Maana yake, anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani mpaka Jumatatu na sheria isivunjwe, na hapo ndipo tunapotishwa tukatoa pesa. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Na bondi ya polisi ni bure. Mkuu wa kituo akitaka dhamana ya pesa taslimu, pesa hizo zina risiti ya serikali, na kesi ikiisha na ulihudhuria, zinarudi. Pesa isiyo na risiti si dhamana.

Kuhusu kitabu cha OB, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi wetu tumekiona juu ya kaunta lakini hatujawahi kuuliza kina nini. Kila tukio linaloletwa kituoni linaandikwa humo na kupewa namba. Namba inaanza na tukio lenyewe kwa hesabu ya siku hiyo, kisha tarehe, mwezi na mwaka. Ukiwa na namba hiyo, wakili anaweza kuuliza uko wapi, mkeo anaweza kuuliza, hata hakimu anaweza kuuliza. Asiye na namba, kituo kinaweza kusema hakijawahi kumwona. Kwa hiyo tunapomfuata mwenzetu kituoni, la kwanza ni kuomba namba ya OB, kwa adabu, na kuinakili. Mambo ya kutoka yanafuata baadaye.

Wengine mtaniambia: Katibu, yuko mwenzetu aliyefuata njia hiyo, na tunajua yaliyompata. Ni kweli, na siwezi kuandika waraka huu nikalikwepa jina lake. Josephat Mwenda alikuwa bodaboda kama sisi. Mwaka 2015 alisimamishwa barabarani, akapigwa risasi na afisa wa polisi, kisha akashtakiwa yeye kwa makosa ya trafiki. Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka ya kuwachunguza polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na akapata wakili, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka korti ya Mavoko pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, wakatekwa njiani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala pale Syokimau. Kimani aliandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya choo na kukirusha nje, mkewe apigiwe simu, kwamba wako hatarini. Karatasi iliokotwa, simu ikapigwa, lakini miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk.

Mawakili waliandamana, nchi ikasimama. Karatasi ile ilifika kortini ikawa ushahidi. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 maafisa watatu wa polisi na raia mmoja mpasha habari walipatikana na hatia, na Februari 2023 yule afisa aliyempiga Mwenda risasi alihukumiwa kifo, wenzake vifungo virefu. Haki hiyo haikumrudisha baba wa mtu nyumbani, nami sitamwambia mjane yeyote kwamba inatosha. Ninalosema ni kwamba Mwenda hakukosea kudai. Lililomwacha wazi ni uchache wa watu waliokuwa nyuma yake. Na mwaka 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Wakasema amejigonga kichwa ukutani. Madaktari waliomchunguza wakaandika majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Kuandikwa peke yake si ngao. Lazima wawepo watu wanaofuata, wanaouliza, wanaokataa kwenda kulala. Chama kina maana gani kama si hiyo?

Sasa upande wetu, na hapa sitapunguza maneno. Machi 2022, kwenye barabara ya Forest jijini Nairobi, bodaboda walimzingira mwanamke ndani ya gari lake, wakamshika, wakamdhalilisha huku wakijirekodi kwa simu. Msako uliofuata ulikamata pikipiki nchi nzima, zikiwemo za watu ambao hawakuwahi kukanyaga Nairobi. Tuliona ni uonevu, na kuwaadhibu wote kwa kosa la wachache kweli ni uonevu. Lakini yule mama naye alikuwa na uhuru wake, na wenzetu walimnyang'anya bila kosa, bila hakimu, bila kuandikwa popote. Kundi linalochoma gari baada ya ajali, au kumpiga mshukiwa wa wizi mpaka afe, limejipa nguvu ambayo Katiba haikumpa hata Inspekta Jenerali. Hatuwezi kudai saa 24 zetu huku tukimnyima mwizi dakika tano. Mwanachama atakayeshiriki katika jambo kama hilo, kamati itampeleka polisi yenyewe.

Basi kamati imeazimia haya. Pesa tulizokuwa tukichanga za kumalizana zitaingia mfuko wa dhamana, na hazitatoka bila kurudi na risiti. Kila steji itachagua watu wawili wa zamu ya usiku: mwenzetu akikamatwa wanakwenda wawili, si mmoja wala kumi, bila kelele, na wanakaa mpaka namba ya OB ipatikane. Aliyeumizwa mikononi mwa polisi apelekwe hospitali kwanza, ajaziwe fomu ya P3 ya majeraha, kisha malalamiko yapelekwe IPOA, ambao wana ofisi hapa Mombasa. Na kila mtu awe na leseni, bima, helmeti na reflekta, tusimpe afisa sababu ya bure ya kutusimamisha.

Mkutano wa kuchagua watu wa zamu ni Jumamosi baada ya Laasiri, kwenye steji kuu. Wenye steji waje na orodha ya wanachama wao wote pamoja na namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani kwa kila mmoja.

Wenu katika kazi,
Katibu