KAMPENI ZISIZO NA KIKOMO

Katika uchaguzi wa 2022, kipindi rasmi cha kampeni kilianza tarehe 29 Mei na kumalizika tarehe 6 Agosti. Hizo ni siku 70. Lakini kila Mkenya ajua kwamba mbio zile zilianza mara tu baada ya salamu za mkono za tarehe 9 Machi 2018. Kwa miaka minne taifa lilihutubiwa bila kupumzishwa.

Twauliza: mwananchi alivuna nini? Mwaka 2013, wapiga kura 86 kati ya kila 100 walioandikishwa walijitokeza. Mwaka 2022 walijitokeza takriban 65. Katika daftari la mwaka huo, vijana wa chini ya miaka 35 hawakufikia asilimia 40.

Hatusemi kwamba kampeni ndefu ndiyo sababu pekee. Ahadi zilizovunjwa na shaka juu ya hesabu ya kura zimewavunja wengi moyo. Hata hivyo, kampeni isiyokwisha huzidisha maradhi hayo. Huwafungia nje wagombea waadilifu wasio na mifuko minene. Hugeuza harambee kuwa mnada wa kura. Na lililo baya zaidi, humfundisha raia kungoja: akilalamikia zahanati isiyo na dawa, huambiwa asubiri uchaguzi ujao.

Wapo wasemao kwamba muda mrefu humpa raia nafasi ya kuwapima wagombea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kupima ni kuuliza na kujibiwa, ilhali mikutano yetu ni ya kusikiliza na kupiga makofi. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na masikio ya wananchi yamekwisha kuchoka.

Dawa ipo. Sheria ya kudhibiti gharama za kampeni ilipitishwa mwaka 2013, lakini Bunge likaahirisha utekelezaji wake, na mwaka 2021 likazikataa kanuni ambazo zingeipa nguvu. Wabunge hawatajifunga kamba wenyewe, sharti tuwashurutishe.

Makanisa nayo yana wajibu. Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia waumini ibadani. Katazo hilo na lishikwe katika kila parokia, hata pale bahasha inapokuwa nono.

Nanyi, ndugu wanaharakati, msiziachie siasa majukwaa. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika bajeti ya kaunti. Hudhurieni vikao hivyo, mkiwa na maswali yaliyoandikwa, na majibu myasome hadharani. Raia anayeidai haki yake kila mwezi hachoshwi na kelele za miaka mitano, wala hanunuliwi kwa unga siku ya mwisho.

Mageuzi hayakuletwa na waliongoja. Hayatalindwa na wanaongoja.