Mashine ya pili iwe ya duara

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako hapo uliposema mwenye mashine ya msasa ya mkanda aongeze nyingine ya mkanda iliyo kubwa zaidi, sikubaliani nawe. Mkanda unakwenda upande mmoja na unakula mbao haraka. Mimi niliharibu meza ya mninga ya mteja kwa msasa namba 80: nilisita sekunde chache tu, pakabaki bonde, na vanishi ikalionyesha wazi. Baadaye nikanunua ya duara ya milimita 125, ile ambayo sahani yake inazunguka huku ikiyumba. Napiga 80, 120, kisha 180, na mikwaruzo inaisha hata pale mbao mbili zinapokutana nyuzi zikielekea pande tofauti. Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba grainda yenye msasa inatosha, ndugu yangu, kwa uso wa meza haitoshi. Tena wote mmesahau vumbi. Tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliorodhesha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mafundi wenzangu, kabla hamjauliza nguvu ya mota, angalieni mfuko wa vumbi, na barakoa msiiache.