Namba ya Siri ya Marehemu Si Mirathi

Alhamdulillah. Zamani mtu akifa, fedha zake zilikuwa ndani ya kasha, na kasha likifunguliwa mbele ya wazee na warithi. Leo fedha zimo benki na kwenye simu. Anayeijua namba ya siri huingia chumbani peke yake, udongo wa kaburi haujakauka, akazitoa. Wengi hawakusudii kuiba. Wanataka kuwapikia wageni, au wanachelea benki ikipata habari itaizuia akaunti.

Tunasema wazi: namba ile ilikuwa amana. Mwenye mali akifa, idhini yake imekwisha. Yanatangulia maziko kwa kiasi cha wastani, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Chakula cha hitma hakimo humo. Na akiwemo mtoto mdogo, hakuna mwenye ruhusa ya kulisamehe fungu lake. Suratun-Nisaa, aya ya 10, imetuonya vikali juu ya kula mali ya yatima kwa dhulma.

Tuchukue mfano. Baada ya madeni zimebaki shilingi 8,000,000. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Wazazi wake wametangulia. Mke ana thumuni, 1,000,000. Wa kiume 3,500,000, na kila wa kike 1,750,000. Aliyetoa milioni mbili usiku ule amegusa haki ya kila mmoja wao.

Lakini mjane naye hudhulumiwa. Huambiwa akae eda atulie, na baada ya miezi minne na siku kumi anakuta mambo yamekwisha. Eda haimzuilii haki: anaweza kuweka wakili, na mafakihi wamemruhusu kutoka mchana kwa haja. Na fedha zake alizoziweka katika akaunti ya mume, zikithibitika, ni zake, hazigawiwi.

Basi simu ishikwe na mwaminifu mbele ya mashahidi, salio liandikwe, risiti za maziko ziwekwe, benki ijulishwe, na mirathi ipelekwe kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na sisi tulio hai tuandike leo: nani anatudai, ipi ya mke, ipi ya mume. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza mwenye jambo la kuusia asilale bila ya kuliandika.

Wallahu a'lam.