MAMBO YA ELIMU: MTOTO AKETIYE NYUMA

Kila mwisho wa muhula baba wengi hupokea ripoti ya shule, nao hutafuta humo jambo moja tu: mwanangu amekuwa wa ngapi? Akiwa wa tatu, nyumba yote hufurahi. Akiwa wa sitini, baba huikunja karatasi ile na kusema, "Huyu hana kichwa, afadhali achunge mbuzi." Neno hilo likirudiwa mara tatu au nne, mtoto mwenyewe hulisadiki, na siku moja huacha shule bila mtu yeyote kumfukuza. Juma hili nataka tuulize kama ni haki kumhukumu mtoto kabla ya kujua jinsi alivyofundishwa.

Nadhani mkulima atalielewa jambo hili upesi kuliko sisi makarani. Ng'ombe kumi wakila katika hori moja, wenye nguvu hutangulia, na dhaifu hukonda ingawa majani yapo tele. Mwenye mifugo mwenye busara hamchinji huyo dhaifu. Humtenga kidogo akamlisha peke yake.

Ushahidi wa habari hii haukutoka ng'ambo, bali ulitoka Busia, magharibi ya nchi yetu. Mwaka 1996 shirika moja la hisani lilianza kugawa vitabu vya masomo katika shule 25 za huko, na wataalamu, miongoni mwao Bwana Michael Kremer, wakapima maendeleo ya watoto. Kila mtu alitazamia kwamba maksi zitapanda. Kwa jumla hazikupanda. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa wakifanya vema tangu mwanzo. Vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Basi mtoto asiyeweza kusoma ukurasa wa kwanza atafaidiwaje na ukurasa wa hamsini? Hata hivyo wako wazazi wanaomnung'unikia mwalimu akifundisha watoto wadogo kwa lugha ya nyumbani, wakidhani wanaibiwa Kiingereza.

Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na watoto wakamiminika kwa wingi. Darasa la kwanza likawa na wadogo kwa wakubwa. Hata Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa hilo Eldoret mwezi wa Januari 2004, akaketi pamoja na watoto wa rika la vitukuu. Mwalimu mmoja angewezaje kusema neno moja likawafaa wote hao?

Ndipo mwaka 2005, huko huko magharibi, likafanywa jaribio la pili. Shule 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja zilisaidiwa kuajiri mwalimu wa ziada, na darasa likagawanywa mara mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa bahati tu, na katika 61 waligawanywa kwa kadiri ya maarifa waliyokuwa nayo. Baada ya miezi 18, watoto wa zile 61 walikuwa mbele, na si wenye maarifa peke yao: hata waliowekwa katika kundi la chini waliwapita wenzao wa namna yao waliochanganywa. Mwalimu aliyekuwa na kundi la chini aliweza kuanza pale watoto walipo, badala ya kuwakimbilia wale wachache wa mbele wainuao mikono.

Mimi binafsi naona jambo hili lina hatari yake. Kundi likipewa jina la wajinga, na mtoto akaachwa humo miaka yote, basi tumemwua kwa njia nyingine. Heri makundi yawe ya somo la kusoma au la hesabu tu, na mtoto ahamishwe mara anapoendelea. Mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019 wamtaka mwalimu amtazame kila mtoto peke yake. Ni agizo jema. Lakini mwenye watoto sabini na chaki moja asilaumiwe upesi.

Mzazi naye ana kazi. Aendapo shuleni asiulize "wa ngapi?" bali "anakwama wapi?" Ampe mtoto gazeti hili amsomee mistari mitano jioni, atajua mwenyewe. Tena achunguze kama mtoto anaona ubao na kusikia vema, kwa maana wengi waitwao wavivu ni wagonjwa wa macho au masikio. Tangu 1984 serikali ina vituo vya kuwapima watoto wenye shida za namna hiyo na kuwashauri wazazi wao, na mwalimu mkuu aweza kumwelekeza baba katika kituo kilicho karibu.