Kufundisha Graniti: Tutenganishe Kuona na Kukisia

Mwanachuo akiulizwa graniti ni nini, hujibu bila kusita: "Ni mwamba wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi." Jibu hilo hupewa alama zote, nasi wakufunzi husonga mbele. Twathubutu kusema kwamba jibu hilo, ingawa si la uongo, huziba njia ya kufikiri. Limechanganya mambo mawili yapasayo kutenganishwa: kile ambacho jicho huona, na kile ambacho akili hukisia.

Tuchukue mfano wa Mwanza. Majabali yaliyopandana kando ya Ziwa Viktoria, likiwamo lile liitwalo Bismarck, ni graniti. Mwanafunzi akishika kipande chake ataona punje za kwazi zing'aazo kama kioo, feldispa nyeupe au ya rangi ya waridi, na vibanzi vyeusi vya ulanga. Hayo ndiyo yanayolipa jiwe jina. Katika uainishaji uliokubaliwa na wanajiolojia, kwazi huwa baina ya asilimia 20 na 60 ya jumla ya kwazi na feldispa, na aina za feldispa nazo hupimwa. Kipimo hicho hakisemi jiwe lilitoka wapi.

Asili ni jambo jingine, na limezua ubishi mrefu. Katika karne ya 18, wafuasi wa Abraham Werner wa Ujerumani waliamini kwamba graniti ilijitenga na maji ya bahari ya kale. Mwaka 1785, James Hutton aliona huko Glen Tilt, Uskochi, mishipa ya graniti iliyopenya ndani ya miamba mingine, akatoa hoja kwamba iliingia ikiwa moto na ya kimiminika. Hata katika karne ya 20 wako waliodai kwamba miamba ya zamani yaweza kugeuka graniti bila kuyeyuka. Majaribio ya Tuttle na Bowen, yaliyochapishwa mwaka 1958, yaliipa nguvu hoja ya kuyeyuka. Ubishi wa karne nzima na zaidi, nasi twaufunga kwa sentensi moja ya ubaoni!

Wala graniti zote hazina mzazi mmoja. Mwaka 1974 Chappell na White, wakichunguza miamba ya kusini-mashariki mwa Australia, walitofautisha graniti zitokanazo na miamba ya moto iliyoyeyuka upya na zile zitokanazo na miamba ya mashapo. Mwaka 1984 Pearce na wenzake walitumia kemia kukisia mazingira ya mabamba ya dunia: penye matuta ya chini ya bahari, penye bamba lizamalo chini ya jingine kama Andes, penye mabamba yaliyogongana kama Himalaya, au katikati ya bamba. Hapa pia pana tahadhari: graniti hurithi kemia ya mwamba uliyeyuka kuizaa, hivyo yaweza kubeba alama za mazingira ya zamani zaidi. Graniti za Mwanza zina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mwanafunzi asitafute mpaka wa mabamba ya leo kando ya ziwa.

Basi twashauri hivi. Ubao ugawanywe sehemu mbili: "Tulichoona" na "Tunachokisia". Punje, rangi na mishipa viandikwe upande wa kwanza. Kuyeyuka, kina na mgongano wa mabamba upande wa pili. Kila neno la upande wa pili liunganishwe kwa mstari na ushahidi wake wa upande wa kwanza. Lisilo na mstari libaki na alama ya kuuliza, wala mwalimu asilione haya.

Walimu wenzetu watasema kwamba muda ni mfupi na mtihani hauulizi hayo. Ni kweli, na sisi wenyewe tumefundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini mwanachuo wa leo ndiye mwalimu wa kesho. Akizoea kupokea dhana kama kwamba ameiona kwa macho, atawarithisha watoto mazoea hayo katika kila somo. Mawe yapo tele, hayanunuliwi. Kinachotakiwa ni sisi kuwapa wanafunzi jiwe mkononi kabla ya kuwapa maneno ya kunakili.