Upimwe Ukurasa, Asiandamwe Msomaji

Sisi watunzi tumezoea kupima. Mshororo wa tarbia iliyozoeleka una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, na zikipungua au kuzidi, sikio hung'amua mara moja. Lakini kipimo hicho huwekwa juu ya shairi. Hakiwekwi juu ya anayelisikiliza. Tovuti tunazochapishia mashairi siku hizi zimeleta upimaji wa namna nyingine, nasi tunaupokea bila kuuliza unapima nini.

Ukifungua ukurasa, kivinjari cha simu yako hupokea maandishi pamoja na msimbo, aghalabu wa JavaScript, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1995. Msimbo huo hufanya kazi ndani ya simu ya msomaji, wala si kwenye seva. Ndiyo maana unaweza kujua sekunde zilizopita kabla beti hazijaonekana, mahali kidole kilipogusa, na ubeti ambao msomaji aliufikia kabla ya kuondoka. Kisha humpelekea mwenye tovuti habari hizo.

Faida yake siikatai. Ukurasa unaofunguka papo hapo mezani kwa fundi wa Dar es Salaam huweza kumkawilia msomaji wa huku Tingi, wilayani Kilwa, mwenye simu ndogo na mtandao dhaifu. Fundi anayepima kwa kompyuta yake hupima safari yake mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani. Seva iliyoko ng'ambo ingeweza kujiona nzima siku ile, ilhali msomaji wa pwani anasubiri ukurasa mweupe. Machungu hayo huonekana tu pale kipimo kinapochukuliwa kwenye simu yake.

Hata hivyo, kipimo nacho kina upendeleo wake. Google hupendekeza kwamba katika ziara 3 kati ya kila 4, sehemu kubwa kuliko zote ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ile ziara ya nne ni ya nani? Kwa tovuti yenye wasomaji wengi wa mjini, yaelekea ni ya huku kwetu. Tena msimbo wenyewe una uzito: msomaji hulipia kwa bando lake kile kinachompima.

Linalonitia hofu zaidi ni kuvuka mpaka. Tumelitwika neno "kufuatilia" kazi zote, ilhali lugha yetu imekwisha kuzitenganisha: kupima si kuchungulia, na kufuata si kuandama. Hata "kidakuzi", jina la kijifaili kinachomtambulisha msomaji anaporudi, sikioni limekaa jirani na udaku. Na mdaku ni mtu wa kujitia katika yasiyomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi, zisizidi haja.

Haja ya tovuti ya mashairi ni ipi? Kujua kama ukurasa unafunguka, na kwa muda gani. Kidole cha msomaji kilitua wapi si haja yetu. Mtunzi akionyeshwa kwamba wengi huondoka kwenye ubeti wa tatu, atashawishika kuandika beti mbili. Aliyekawia kwenye ubeti huenda ameguswa, huenda pia ameitwa kula. Msimbo huona dakika, hauoni sababu.

Rai yangu kwa wenye tovuti ni hii: pimeni mwendo wa ukurasa kwa msimbo mwepesi, bila kumtambua mtu, tazameni kwanza ziara zilizochelewa kuliko zote, na mwelezeni msomaji, kwa Kiswahili kinachoeleweka, mnachokipima. Mkitaka kujua kama shairi limemwingia, mwachieni nafasi ya kujibu. Washairi wamejibizana kwa beti tangu kale, na anayejibu hujibu kwa hiari yake.